Kuishi ndani ya boti ya tanga na kutia nanga penye upepo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Tunaishi ndani ya boti ya tanga ya mita 11, mimi, mke wangu na watoto wetu wawili. Mwaka mzima tunapanda na kushuka mwambao kati ya Lamu na Kilwa tukifuata pepo. Kila tunakofika watu hutuuliza mambo yale yale: wavuvi wanaopita na ngalawa zao, vijana wa ufukweni, jamaa zetu wa Tanga, na siku hizi watu wengi wanaotaka kununua boti zao wenyewe. Majibu yetu ni haya. Utaona mengi yanahusu nanga. Anayeitazama boti kutoka ufukweni huona tanga na mlingoti, lakini siku za safari ni chache. Siku nyingi, na karibu kila usiku, nyumba yetu nzima imeshikwa na chuma kimoja kilichofukiwa mchangani.

Mnaishi humo humo kweli, au mna nyumba nchi kavu?

Humo humo. Kuna chumba cha omo (mbele), chumba cha tezi (nyuma), jiko dogo, meza inayogeuzwa kitanda, na choo cha kupampu kwa mkono. Nafasi ni kama ya chumba na sebule, ila kila kitu kina mahali pake na kila kitu kimefungwa.

Pepo za huku zikoje?

Kaskazi hutoka kaskazini-mashariki, kwa kawaida kuanzia Novemba au Desemba hadi Machi. Kusi huanza Aprili na kuendelea hadi Septemba, na miezi ya Juni, Julai na Agosti ndiyo yenye nguvu zaidi. Katikati huja majira ya kubadilika, pamoja na mvua za masika na za vuli, ambapo upepo hauna mwenyewe na wingu la radi laweza kuuleta kutoka upande wowote.

Ila msimu ni nusu tu ya habari. Kila siku nayo ina upepo wake. Jua likichoma bara, upepo wa baharini hujiunga na ule wa msimu, na kuanzia saa nane hadi saa kumi na moja za jioni ndipo unapovuma kwa nguvu zote. Usiku hupungua, na alfajiri mara nyingi huja umande, ule upepo mwepesi utokao bara. Hapo ndipo wengi hukosea. Wametia nanga jioni, tezi ikiangalia ufukwe, wakapima nafasi upande huo tu. Alfajiri boti imegeuka yenyewe, na sasa tezi inaangalia mwamba ambao jana ulikuwa mbele yao na hawakuufikiria kabisa.

Upepo wa kiasi gani ndio mkali kwa boti iliyotia nanga?

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri kwa kilomita kwa saa. Mabaharia huhesabu kwa noti, na noti 1 ni kama kilomita 1.85 kwa saa. Kwa hiyo ukisikia "upepo mkali unaofikia kilomita 40 kwa saa", hizo ni noti 21 au 22. Kwa boti ya ukubwa wetu, hapo ndipo usingizi huanza kuwa mwepesi. Noti 30 ni kazi ya usiku kucha.

Jambo ambalo ningependa kila mtu alikariri ni hili: upepo ukiongezeka mara mbili, nguvu yake juu ya boti huongezeka mara nne. Kutoka noti 15 hadi noti 30, mvuto kwenye mnyororo hauwi mara mbili, huwa mara nne. Nanga iliyoshika vizuri kabisa jioni yaweza kung'oka usiku bila kasoro yoyote kwenye chuma chenyewe, kwa kuwa jioni haikupewa mtihani wa usiku.

Mamlaka hiyo hutumia ngazi tatu: angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa. Kwetu sisi, hata angalizo likitolewa, mnyororo huongezwa kabla ya magharibi.

Nitachaguaje mahali pa kutia nanga?

Tia nanga kwa ajili ya saa nane za usiku, usitie kwa ajili ya saa kumi za jioni. Huu ndio ushauri wetu mmoja, na yote yaliyobaki katika ukurasa huu yanatoka humo. Ukifika bandarini jioni, maji ni ya kijani, ufukwe uko karibu, upepo unatoka upande mzuri. Usiangalie hayo. Jiulize: usiku, upepo ukigeuka na maji yakiwa yamejaa au yamekupwa, boti yangu itakuwa wapi, na nyuma yake kuna nini?

Kwanza tafuta kinga dhidi ya upepo utakaokuja. Ghuba ya Msasani, Dar es Salaam, ni mfano mzuri kwa sababu imefunguka upande wa kaskazini. Wakati wa kusi rasi hukukinga na unalala. Wakati wa kaskazi mawimbi huingia moja kwa moja na boti hurukaruka usiku kucha. Mbele ya Forodhani, Unguja, nako wakati wa kusi Mji Mkongwe wenyewe hukuzibia upepo. Hori ya Kilifi hukinga karibu mwaka mzima: mlango wake ni mwembamba, kisha ndani maji hupanuka hadi kule wanakokuita Bahari ya Wali, na mikoko imezunguka. Mikindani nako ni hivyo hivyo, ghuba iliyojifunga. Ghuba ya Chole, Mafia, ina miamba inayovunja mawimbi, lakini mkondo wake ni mkali na utaigeuza boti kila maji yanapobadilika.

Pili, ijue sakafu. Mchanga mgumu ndio bora. Tope la mikoko hushika vizuri ukiipa nanga muda wa kuzama. Majani ya baharini hudanganya: nanga hunasa kwenye mizizi, boti hutulia, unafurahi, kisha saa sita za usiku fungu zima la majani hung'oka pamoja na nanga. Mwamba bapa haushiki kitu. Wazee walikuwa wakipaka sabuni au mafuta mazito chini ya bildi, lile timazi la kupimia kina, wakaishusha, na kilichogandia ndicho kilichowaambia kama chini ni mchanga, tope au jiwe. Sisi tuna chombo cha kupimia kina kwa sauti, lakini bado tunayo bildi, na bado tunaipaka sabuni.

Tatu, pima nafasi ya kuzunguka pande zote. Boti ya mnyororo wa mita 50 huzunguka duara kubwa. Jirani aliyefungwa kwenye boya hazunguki hivyo. Yeye hukaa karibu palepale, na wewe ndiye utakayemwendea.

Nne, na hili husahauliwa: weka akilini njia ya kutokea gizani. Tukishatia nanga, kabla jua halijazama, naandika kwenye daftari uelekeo wa dira wa kutoka hapo hadi maji makuu, yaani bahari ya wazi. Usiku wa dhoruba, mvua ikikupiga usoni, huwezi kuanza kutafuta mlango wa mwamba.

Nanga ya aina gani? Ile ya makombe manne ya wavuvi haitoshi?

Nanga ya makombe manne ni nzuri kwenye mawe, na ndiyo maana wavuvi wetu wanaipenda: ngalawa ni nyepesi, na wao husimama penye miamba palipo na samaki. Kwenye mchanga na tope hukwaruza tu juu juu. Kwa boti nzito unayolala ndani yake unahitaji nanga yenye jembe linalojifukia lenyewe kadiri linavyovutwa. Zipo za zamani kama CQR, iliyobuniwa Uingereza mwaka 1933, na za kizazi kipya kama Rocna na Spade, ambazo hushika haraka zaidi. Chukua iliyo kubwa kuliko ile inayopendekezwa kwa urefu wa boti yako. Sijawahi kukutana na baharia aliyejuta kwamba nanga yake ni kubwa mno.

Nitoe mnyororo kiasi gani?

Hapa hesabu ni rahisi, lakini huku kwetu watu huikosea kwa sababu ya maji kujaa na kupwa. Vitabu vingi husema toa mara 5 ya kina kwa hali ya kawaida, mara 7 au zaidi kukiwa na upepo mkali. Swali ni: kina kipi?

Chukua mfano. Umefika Tanga siku ya bamvua, zile siku maji hujaa na kupwa kuliko kawaida, na sasa maji yamekupwa, kipimo kinasoma mita 4. Ukizidisha kwa 5 utatoa mita 20 na utadhani umemaliza kazi. Lakini wakati wa bamvua, katika mwambao huu, maji huweza kupanda zaidi ya mita 3, na hukaribia 4. Tuseme mita 3.5. Kisha kuna urefu kutoka usawa wa maji hadi omo, pale mnyororo unapotokea; kwetu ni mita 1.2. Jumlisha: 4 na 3.5 na 1.2 ni mita 8.7. Huo ndio urefu wa kweli saa sita baadaye, maji yakijaa. Mita zako 20 sasa ni kama mara 2.3 tu, mnyororo unaivuta nanga kuelekea juu, na nanga inayovutwa juu hung'oka. Mara 5 ya mita 8.7 ni karibu mita 44. Mara 7 ni mita 61. Linganisha 20 na 61, utaelewa kwa nini boti nyingi huachia maji yanapokaribia kujaa.

Kwa hiyo kabla ya kushusha nanga, jua mwezi una siku ngapi. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu huleta bamvua. Robo ya mwezi huleta maji mafu, na hapo tofauti ni ndogo. Wavuvi hawahitaji jedwali kwa hili. Ukimuuliza mzee yeyote wa pwani atakuambia leo ni bamvua ya ngapi.

Sisi tunabeba mita 70 za mnyororo wa milimita 10, na kila mita 10 tumepaka alama ya rangi. Mita moja ya mnyororo huo ina uzito wa kilo 2.3 hivi, kwa hiyo mita 60 tu ni karibu kilo 140 zilizolala chini. Uzito huo ni rafiki wakati wa upepo wa wastani, kwa kuwa mnyororo hulala sakafuni na kuivuta nanga kwa ulalo. Upepo ukizidi sana mnyororo hunyooka kama fimbo, na hapo kinachokuokoa ni urefu, pamoja na kamba nitakayoieleza chini.

Nitajuaje kwamba nanga imeshika?

Kwa kuijaribu, basi. Njia yetu ni hii: tunaendea upepo polepole hadi boti isimame. Mke wangu yuko omo, mimi kwenye usukani, na tunaelewana kwa ishara za mikono, hatupigi kelele. Nanga inashushwa hadi iguse chini, isimwagwe na mnyororo juu yake. Boti ikianza kurudi nyuma, mnyororo unatolewa taratibu mpaka urefu tuliokusudia. Tunasubiri dakika chache. Halafu naweka injini kinyumenyume, kwanza pole, kisha naongeza mpaka mnyororo unyooke, na nashikilia hapo nusu dakika nzima.

Wakati huo natazama alama mbili za nchi kavu zilizo kwenye mstari mmoja, tuseme mnazi na mnara wa msikiti nyuma yake. Zikibaki kwenye mstari, tumeshika. Mnazi ukianza kuuacha mnara, tunakokota. Mke wangu huweka unyayo juu ya mnyororo: ukitulia, nanga imeshika, ukitetema na kugugumia, inakwaruza chini. Maji yakiwa maangavu nashuka na miwani ya kuzamia kuitazama kwa macho. Ikiwa jembe limelala ubavu, tunaanza upya. Imeshatokea tukarudia mara tano, watu ufukweni wakitutazama, na sikuona haya.

Ile kamba nyeupe iliyofungwa kwenye mnyororo wenu ni ya nini?

Ni kamba ya nailoni ya kupokea mshtuko. Mnyororo hauvutiki, nailoni huvutika. Mita 6 hadi 10 zake, zikifungwa kwenye mnyororo kisha kwenye gogo la chuma la omo, hubeba mvuto wote, na mnyororo ulio nyuma yake unabaki umelegea. Bila kamba hiyo, kila wimbi linalonyanyua omo huipiga nanga kama nyundo, na winchi ya nanga, ile mashine ya kuvutia mnyororo, huharibika, maana haikutengenezwa kubeba boti. Pale kamba inapopita ukingoni ivalishe kipande cha mpira wa maji, la sivyo itakatika kwa kusuguliwa usiku mmoja tu.

Utabiri unasema usiku kutakuwa na upepo mkali. Tujiandae vipi?

Kukiwa bado na mwanga. Ongeza mnyororo. Shusha chandarua cha kivuli na kila kitu kinachopepea. Lizungushe tanga la mbele mara kadhaa zaidi na ulifunge kwa kamba ya ziada, kwa sababu tanga likifunguka lenyewe kwenye noti 35 litaing'oa nanga yoyote. Pandisha kiboti cha mpira juu. Kikibaki majini hupinduka na mashine yake huzama. Iwashe injini kidogo uhakikishe inawaka. Pika mapema, jaza chupa ya chai. Weka tochi, kisu, koti la mvua na miwani ya kuzamia karibu na mlango. Miwani ni ya uso, maana mvua ya upepo mkali haikuruhusu kufungua macho. Kisha gawaneni zamu.

Simu nyingi sasa zina programu ya kulinda nanga: unaweka duara, boti ikitoka nje ya duara inalia. Itumie, lakini alama ya kitovu iweke pale nanga ilipoangukia, usiiweke pale boti iliposimama, vinginevyo itakuamsha kila boti inapogeuka na mwishowe utaizima.

Nanga ikianza kukokota usiku?

Nitasimulia lililotupata, kwa sababu tulikosea. Ilikuwa mwezi wa Julai, nyuma ya kisiwa kidogo kusini mwa Pemba. Jioni ilikuwa shwari, tukatoa mita 30 kwenye kina cha mita 6, tukala, tukalala. Sikujaribu kwa injini kinyumenyume kwa kuwa mtoto mdogo alikuwa amelala na sikutaka kelele. Saa nane kasorobo nilisikia mlio wa boti umebadilika. Si upepo niliousikia, ni mnyororo, ulikuwa unasaga. Nilipotoka nje, taa ya kijiji iliyokuwa mbele yetu ilikuwa ubavuni.

Niliwasha injini kwanza. Hilo ndilo la kwanza daima, kabla ya kufikiri lolote jingine. Mke wangu akaenda omo na tochi. Tulikuwa na nafasi ndogo nyuma, kwa hiyo hatukuongeza mnyororo. Tuliiendea nanga polepole kwa injini, tukaipandisha, ikaja na rundo la majani ya baharini na kipande cha wavu wa zamani. Kuitia tena palepale gizani kungekuwa kuomba balaa. Nilikuwa nimeandika njia ya kutokea kwenye daftari. Tukaifuata hadi maji makuu, tukayumbayumba na mawimbi mpaka alfajiri. Hatukuumia, boti haikuguswa. Ila nilijua kwamba usiku ule tuliuandaa sisi wenyewe jioni, kwa kutojaribu nanga.

Kwa hiyo, kwa mpangilio: injini, kisha kama kuna nafasi nyuma, ongeza mnyororo wote ulio nao, na mara nyingi itashika tena, kama hakuna nafasi, ng'oa na uhame, kama huwezi kuing'oa na mwamba uko karibu, achia. Mwisho wa ndani wa mnyororo wako uwe umefungwa kwa kamba nene yenye urefu wa kufika nje, si kwa shakeli ya chuma. Kamba hukatwa kwa kisu. Funga boya kwenye mnyororo kwanza, kata, nenda, na kesho utairudia nanga yako. Nanga hununuliwa.

Nanga mbili si bora kuliko moja?

Mara nyingine. Zikitiwa kwa umbo la herufi V kuelekea upepo usiogeuka, hupunguza kuyumbayumba na kugawana mzigo. Upepo au mkondo ukigeuka, minyororo husokotana na kukunyima njia ya kuondoka haraka. Mimi huchagua nanga moja kubwa na mnyororo mrefu, na ya pili hukaa tayari kwenye sitaha.

Mbona wakati mwingine boti yenu inakaa upande, haielekei upepo?

Ni mkondo. Kwenye mlango wa Wasini au Kilifi, maji yakipwa kwa nguvu dhidi ya upepo, boti haijui imtii nani. Hukaa ubavu na kuserereka juu ya mnyororo wake mwenyewe. Haifurahishi lakini hupita maji yakisimama.

Naruhusiwa kutia nanga juu ya matumbawe?

Hapana, na hata pasipo na katazo usifanye. Mnyororo unaozunguka usiku mmoja huvunja matumbawe yaliyochukua miaka mingi kukua, na ndiyo nyumba ya samaki wanaowalisha watu wa pale. Katika Hifadhi ya Bahari ya Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995, na kule Kisite-Mpunguti upande wa Kenya, waulize askari wa hifadhi wakuonyeshe boya au sehemu ya mchanga.

Vimbunga je?

Karibu na ikweta ni nadra, lakini nadra si kamwe. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikaangusha mikarafuu na kuziangamiza meli za Sultani Barghash zilizokuwa zimetia nanga mbele ya mji. Aprili 1952 kingine kiliipiga Lindi. Mwanzoni mwa Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilifika Mafia, kikiwa kimeshapungua nguvu. Ukitazama miezi hiyo utaona yote ni wakati kaskazi inapoipisha kusi. Sisi Aprili yote hadi katikati ya Mei hatushuki kusini ya Dar es Salaam. Tunakaa ndani ya hori, mikokoni.

Usiku mnawasha taa?

Kila usiku. Sheria ya kimataifa ya kuzuia migongano inataka chombo kilichotia nanga kiwe na taa nyeupe inayoonekana pande zote, na mchana umbo jeusi la mpira omo. Wengi huweka taa juu ya mlingoti peke yake. Mvuvi aliyeketi kwenye ngalawa, kichwa kikiwa mita moja juu ya maji, haitazami mbingu. Huiona kama nyota. Ning'iniza ya pili chini, usawa wa macho yake. Tangu tuanze hivyo hakuna aliyetugonga.

Maji na umeme mnapata wapi?

Tangi letu ni lita 350, na kwa watu wanne huenda wiki mbili tukioga kwa maji ya chumvi na kujisuuza kwa kata moja ya maji baridi. Masika tunatandika turubai na kuyakinga ya mvua. Umeme ni wa jua, paneli nne. Gesi ya kupikia ndiyo ya kuogopwa: ni nzito kuliko hewa, ikivuja hutuama ngamani, chini kabisa ndani ya boti, na cheche moja inatosha. Mtungi wetu uko nje kwenye sanduku lenye tundu la kumwagia baharini, na unafungwa kila baada ya kupika.

Watoto hawaogopi? Na shule?

Wanajua kuogelea na huvaa jaketi okoa wakiwa juu ya sitaha, bila mjadala. Masomo ni asubuhi, kabla upepo haujaamka. Mkubwa, ana miaka kumi, ndiye anayeweka jedwali la maji kujaa na kupwa.

Mnaswali vipi boti ikizunguka?

Huku kwetu Kibla kiko upande wa kaskazini, kwa hiyo boti yenyewe hukusaidia: msimu wa kaskazi omo huelekea karibu huko huko, na msimu wa kusi ni tezi. Tunaanza kwa dira, na boti ikigeuka tunageuka nayo kadiri tunavyoweza.

Vibali?

Tanzania Bara ni TASAC (Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania), Zanzibar ni Mamlaka ya Usafiri Baharini ya Zanzibar, Kenya ni Mamlaka ya Usafiri wa Majini. Nenda mwenyewe na karatasi zako, asubuhi. Ukivuka mpaka, kamilisha uhamiaji na forodha kabla ya kushuka ufukweni kununua hata muhogo. Redio iwe wazi chaneli 16.

Asubuhi nanga imegoma kung'oka. Nifanyeje?

Usiilazimishe kwa winchi, utaichoma. Vuta mnyororo mpaka usimame wima chini ya omo, ufunge kwenye gogo, kisha subiri. Kila wimbi likiinyanyua omo linakufanyia kazi, na kwa dakika kumi nanga iliyozama kwenye tope huachia. Isipoachia, sogea mbele kwa injini taratibu ukipita juu yake, uivute kinyume cha ulivyoitia. Kama imenasa chini ya jiwe na maji yanajaa, kaza tena na uyaache maji yakuinulie, huku mtu akisimama karibu na kisu. Likishindikana hilo, shuka na miwani ukaitazame ilivyokaa kabla ya kuvuta tena. Ikishapanda, isuuze tope kwa ndoo hapo hapo omo. Likikaukia kwenye sanduku la mnyororo, chumba chote cha mbele kitanuka mikoko kwa wiki nzima.